Kilimia Barazani: Mwaka Mmoja na Gari la Mbio Lililotumika

Dada yangu alinipigia simu Ijumaa moja baada ya Alasiri, na kwa namna alivyoikatisha salamu nilijua ana jambo zito kifuani. "Kaka," akasema, "njoo uzungumze na mwanao. Ana pesa na ana wazimu. Anataka kununua Subaru."

Mwana huyo ni mpwa wangu, mtoto wake wa pekee wa kiume, aliyerudi Mombasa baada ya miaka minne ya kazi Doha. Alirudi na akiba ambayo kwa hesabu ya mama yake ilikuwa imekwisha kugawanywa: nusu ni paa la nyumba, nusu ni mahari. Yeye alikuwa na hesabu yake nyingine, na hesabu hiyo ilikuwa na magurudumu manne, pua juu ya boneti na mngurumo unaosikika mitaa miwili mbele. Hofu ya mama yake haikuwa ya fedha pekee. Mwaka mmoja kabla ya hapo mtaani petu tulimzika kijana wa rika lake, aliyepinduka usiku kwenye barabara ya Malindi na gari la aina hiyo hiyo. Dada yangu alikuwa miongoni mwa wanawake waliokaa na mama wa yule marehemu, na maneno aliyoyasikia chumbani mle hakupata kuyasahau.

Nilikwenda. Kijana akanipokea mlangoni, "Shikamoo, mjomba," nami nikaitikia, tukakaa barazani. Sikwenda kumkataza. Mtu wa miaka ishirini na minane aliyechuma jasho lake ugenini hakatazwi kama mtoto, na ukimkataza atanunua kwa siri, tena vibaya. Nimefanya kazi ya kupokea magari bandarini Kilindini kwa zaidi ya miaka ishirini, nikijaza karatasi za forodha za vyombo vya watu wengine, na nimewaona vijana wengi wakilia kwa gari walilolipenda kabla ya kulikagua. Nikampa sharti moja tu: hatutoi shilingi moja kabla fundi ninayemwamini hajasema neno lake. Akakubali upesi mno, kama mtu anayedhani jambo limekwisha.

Msomaji asiyelijua gari hili huenda akashangaa kwa nini vijana wa Kenya, hata wa pwani ambako hakuna vumbi la mashindano, wamelipenda kiasi hiki. Asili yake ni Safari Rally. Mwaka 1997 Mskoti Colin McRae aliyashinda mashindano hayo akiendesha Subaru Impreza ya buluu yenye rimu za dhahabu, na mwaka 2000 Mwingereza Richard Burns akarudia ushindi kwa Impreza. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni wanaume wenye mishahara. Gari lililopita mbele yao likirusha matope lilikuwa na ndugu yake wa dukani, aitwaye WRX, aliyeanza kuuzwa Japani mwaka 1992. Ndugu huyo alikuwa na viti vya nyuma na buti la kuwekea mboga, lakini chini ya boneti alibeba injini ya lita mbili yenye tabo, wakati Impreza ya kawaida ya lita moja na nusu ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 100 tu. Toleo lake kali zaidi, STI, lilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280, idadi iliyoandikwa pia kwenye magari makali ya washindani wake, kwa kuwa watengenezaji wa Japani walikuwa wamepatana wasitangaze zaidi ya hapo. Mapatano hayo yaliachwa mwaka 2004.

Jina lenyewe lina mkono nasi. Subaru kwa Kijapani ndilo jina la kile kikundi cha nyota ambacho wakulima na manahodha wa pwani hii wanakiita Kilimia, na Waarabu Thurayya. Nyota sita za nembo yake zinasimulia kampuni tano zilizoungana mwaka 1953 kuwa moja kubwa. Nilipomweleza hayo dada yangu alitikisa kichwa. "Babu alikitazama Kilimia apate kujua lini apande," akasema. "Huyu anakitazama apate kujua lini afe."

Kwanza kijana alitaka kuagiza lake moja kwa moja kutoka Japani, na hapo kazi yangu ilinisaidia kumfungua macho. Kiwango cha KS 1515:2000 hakiruhusu kuingiza nchini gari lililopitisha miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na gari lazima likaguliwe kule kabla ya kupakiwa melini. Zile Impreza alizokuwa akizitamani, za kizazi kilichomalizika mwaka 2007, zimefungiwa mlango zamani. Zilizomo nchini ndizo zilizomo, na kila mwaka zinapungua: hii imepinduka, hii injini imepasuka, hii imevunjwa ikauzwa vipande. Magari makali mapya zaidi yanaweza kuingia, lakini ushuru wake haukadiriwi kwa bei uliyolipa mnadani. Mamlaka ya Ushuru ina jedwali lake la bei za magari mapya, ambalo hupunguzwa kulingana na umri wa gari, na juu ya hapo hupandishwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na ile kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Tulikaa na karatasi na kalamu. Alipoona jumla akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi tutafute hapa hapa, mjomba."

La kwanza tulilikuta kwenye yadi moja mjini. Lilikuwa la buluu, rimu za dhahabu, nembo ya STI nyuma na mbele, na pua kubwa ya hewa juu ya boneti. Mpwa wangu alisimama mbele yake kama bwana harusi. Muuzaji alikwisha liwasha kabla hatujafika, na nilipoweka kiganja juu ya boneti nikahisi joto. Hilo ni jambo dogo lenye maana kubwa: injini ya namna hii iliyochoka huonyesha uchovu wake asubuhi, ikiwa baridi. Pistoni zilizolika hugonga kuta za silinda kwa sauti kama ya mtu anayebisha mlango kwa kidole, na sauti hiyo hupotea chuma kikipata moto. Anayeliwasha gari kabla ya mnunuzi kufika huenda anamkirimu mgeni, na huenda anaficha kikohozi cha mgonjwa.

Muuzaji alitupa nakala ya karatasi ya mnada wa Japani. Nimezisoma karatasi hizo maelfu. Kona ya juu huandikwa alama ya jumla ya gari: nne na nusu ni zuri, tatu na nusu limetumika vya kutosha, na herufi R ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa mwili, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa kizima. Nakala tuliyopewa ilikuwa safi kila mahali isipokuwa ile kona ya juu, ambayo ilitoka nyeupe, kana kwamba karatasi ilikunjwa kabla ya kuwekwa kwenye mashine. Nilimwuliza muuzaji karatasi ya asili iko wapi. Akasema ilipotea.

Lakini lililolimaliza gari lile lilikuwa ni kibamba kidogo cha chuma kilichopigwa ndani ya boneti, ambacho wanunuzi wachache hukitazama. Impreza ya kizazi kile ikiwa ni WRX, namba yake huanza na GDA. Ikiwa ni STI, GDB. Hili liliandikwa GD3. Maana yake lilizaliwa gari la lita moja na nusu, la kwenda sokoni na kurudi. Mtu alilinunua, akalitoboa boneti, akaweka pua, akabandika nembo, na akapandikiza injini ya tabo iliyotolewa kwenye gari jingine lililokufa. Logibuku ilisema 1,500. Injini iliyokuwa mbele yetu ilikuwa lita mbili. Nambari ya injini isipolingana na logibuku, mwenye gari anajitafutia matatizo na polisi, na siku ya ajali kampuni ya bima itauliza ililipishwa malipo ya gari gani. Fundi wetu hakushughulika na hayo. Aliinama akatazama nyuma ya rimu za dhahabu, akainuka akijifuta mikono. "Nguvu zimeongezwa mara mbili," akasema, "breki ni zile zile za mama wa kwenda sokoni." Mpwa wangu hakusema kitu hadi tulipofika Mwembe Tayari.

Niseme hapa habari ya mngurumo, maana ndio uliowaroga vijana. Injini ya Subaru hulala kifudifudi: silinda mbili kushoto, mbili kulia, pistoni zikienda na kurudi kama mabondia wanaopigana ngumi, na ndiyo sababu huitwa boksa. Katika magari ya zamani mabomba ya kutolea moshi kutoka pande hizo mbili hayakuwa na urefu sawa, na moshi ulifika kwenye tabo kwa mapigo yasiyolingana. Mngurumo ule ni mapigo hayo tu. Baadaye watengenezaji walisawazisha mabomba katika STI za soko la Japani, gari likapumua vizuri zaidi na sauti ikatulia. Kwa hiyo kijana anayekata bomba zuri ili apate kelele, mara nyingi anarudisha kasoro iliyokwisha kuondolewa na wahandisi, tena kwa pesa zake, na anawaamsha watoto wachanga wa jirani.

La pili lilikuwa Nyali, kwa mtu binafsi. Hili lilikuwa STI la kweli: kibamba kilisema GDB, giaboksi la gia sita, breki kubwa, rangi haikuguswa. Bei ilikuwa shilingi 1,450,000, ambayo ingemaliza akiba yote na kubakisha deni. Mwenyewe alikuwa kijana mpole, akatukaribisha kwa sharubati. Gari liliwaka vizuri, baridi kabisa. Mpwa wangu alikuwa amekwisha lipenda tena. Fundi akaomba ruhusa ya kufungua plagi na kupima mgandamizo wa silinda moja moja, na nikaona uso wa mwenye gari ukibadilika kidogo, ingawa alikubali.

Kazi hiyo si rahisi kwenye boksa, kwa sababu plagi zimelala ubavuni karibu na kuta za boneti, na fundi asiye mzoefu hutoka na vidole vya damu. Ilichukua saa nzima. Silinda ya kwanza ilitoa paundi 145, ya pili 150, ya tatu 145. Ya nne ilitoa 105. Fundi alirudia mara mbili, geji ikasimama pale pale.

Tofauti kama hiyo katika injini hii mara nyingi huwa ni pistoni iliyopasuka kwenye kingo nyembamba zinazoshika pete zake. Chanzo chake aghlabu ni petroli na kiburi. WRX na STI za Japani zilitengenezwa kwa petroli bora ya kule, inayouzwa kwa oktani karibu 100. Petroli ya super ya vituo vyetu haifiki hapo. Kompyuta ya gari husikia petroli ikilipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda na hujaribu kupunguza makali, na kwa dereva mtulivu hilo linatosha. Lakini mtu akiongeza presha ya tabo ili apate nguvu zaidi, bila kuirekebisha kompyuta kwa petroli iliyopo, kila mlipuko wa mapema huwa nyundo juu ya pistoni, na silinda ya nne ndiyo inayojulikana zaidi kwa kuvunjika kwanza. Gari huendelea kutembea. Huendelea hata kwenda mbio. Kisha siku moja huanza kutema moshi wa buluu na kunywa oili, na injini hushushwa.

Mwenye gari aliisikiliza habari hiyo akitazama chini, kisha akauliza, "Mmejuaje?"

Hakuuliza kama ni kweli, aliuliza tumejuaje. Nimelifikiri swali lile mara nyingi tangu siku hiyo. Sina shaka kijana yule anasali na anafunga kama sisi, na sharubati yake ilitoka moyoni. Ila kwenye mauziano ya magari tumezoea kwamba mwenye kujua aibu ya chombo anyamaze na asiyejua ajitafutie, na hati nyingi za mauziano huandikwa kuwa gari linauzwa kama lilivyo na pale lilipo, ili muuzaji alale usingizi. Wanazuoni wetu wa fiqhi walikwisha kulizungumza jambo hili karne nyingi kabla ya injini: muuzaji huibainisha aibu anayoijua, na mnunuzi aliyefichwa ana khiyari ya kurudisha. Nilimwambia kijana yule kwa upole kwamba gari lake bado lina thamani kubwa, alitangaze kuwa injini inahitaji kushushwa, na atapata mnunuzi. Alitusindikiza hadi langoni. Sijui alifanya nini baadaye.

Kwa wiki tatu hatukutazama gari jingine. Mpwa wangu alinuna, na dada yangu akaanza kutaja paa tena. Katika muda huo mtu mmoja alimtia sikio kwamba kuna kampuni itakayomwongezea pesa kwa kushika logibuku. Hapo nilisema bila kupindisha. Mikopo hiyo hutozwa riba ya kila mwezi, na gari husajiliwa kwa majina mawili, la mwenyewe na la mkopeshaji, hadi deni liishe. Na hii ni sababu nyingine ya mnunuzi kutafuta taarifa za gari katika mtandao wa mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, kabla ya kulipa: humo huonekana gari ni la nani hasa, na kama kuna mtu mwingine mwenye haki juu yake. Tumewaona watu walionunua gari kwa mtu, na baada ya mwezi mkopeshaji akaja kulichukua mlangoni.

La tatu lilikuwa Malindi. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa kanzu na miwani, na gari lake lilikuwa WRX ya mwaka 2004, rangi ya fedha, bila pua kubwa zaidi ya ile ya kiwandani na bila rimu za dhahabu. Mpwa wangu alilitazama kama mtu aliyeletewa uji alipoagiza pilau. Kabla hatujaketi, mzee akasema, "Nianze na ubovu wake, mazuri mtayaona wenyewe." Gia ya pili hukwaruza ukiiingiza kwa haraka, akasema, na kuna jasho la oili upande wa kulia wa injini ambalo fundi wake alimwambia litahitaji gaskiti. Kisha akatoa faili.

Laiti kila gari lingekuja na faili kama ile! Karatasi ya mnada ilikuwa na kona yake, alama nne. Cheti cha Japani cha kuuza gari nje kilionyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi wa kule, nazo zililingana na mwendo wa baadaye. Risiti za oili zilikuwapo kila kilomita 5,000, kwa mwandiko wa kialimu, pamoja na risiti ya mkanda wa taimingi. Huo mkanda ni roho ya injini hii. Hupaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika njiani vali hukutana na pistoni, na hapo hakuna tena injini ya kutengeneza, kuna ya kununua. Fundi wetu alipima mgandamizo, na silinda zote nne zikatofautiana kwa paundi tano tu. Akaliendesha polepole, usukani umekatwa hadi mwisho, akisikiliza kama gari linajivuta lenyewe, dalili ya difu ya katikati iliyokufa. Halikujivuta. Akalala chini kutafuta kutu, kwa maana hapa kutu hutoka pande mbili: gari huja na chumvi ya theluji kutoka kaskazini ya Japani, kisha hupokelewa na upepo wa bahari. Aliipata kidogo kwenye mabomba ya breki, akaionyesha.

Tulipatana shilingi 840,000, zikapita benki kwa benki, na uhamishaji wa umiliki ukafanywa mtandaoni tukiwa tumekaa hapo hapo kwenye baraza ya mzee. Alipokabidhi funguo alimshika mpwa wangu mkono. "Ukishuka kutoka safari ndefu," akamwambia, "usilizime palepale. Mwache apumue." Alilisema kama anayeusia habari ya mnyama. Lakini ni ushauri wa kihandisi: tabo ni pangaboi dogo linalosukumwa na moshi wa injini, huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na linalolilinda ni utando mwembamba wa oili. Ukizima injini lingali limewaka moto, oili husimama ndani yake na kuungua. Dakika moja au mbili za kuendesha taratibu kabla ya kufika nyumbani humwokolea mtu maelfu ya shilingi.

Mwaka umepita sasa. Wanaofikiri gharama ya gari kama hili ni bei yake ya kununua, wamekosea mlango. Kijana alibadilisha gaskiti mwezi wa pili. Mwezi wa nne alitobokewa na tairi moja na akataka kununua moja tu. Fundi akamkatalia, kwa kuwa magurudumu yote manne ya gari hili huvuta pamoja, na tairi moja mpya yenye mzingo mkubwa kuliko nyingine huifanya difu ya katikati isage mchana na usiku. Alinunua nne. Rejeta yake haijaonja maji ya kisima, ambayo kwa watu wa kisiwani ni nusu chumvi. Ni kulanti tu, maana gaskiti za vichwa vya boksa hazisamehi joto. Petroli yake mjini, kwenye foleni ya Nyali au kivuko cha Likoni, inamwuma. Spea nyingine huletwa na basi kutoka Nairobi, na kuna ambazo mwenye duka ataapa ni za Japani na hazijawahi kuiona Japani. Gia ya pili bado inakwaruza. Giaboksi la gia tano la WRX linajulikana kwa kuvunjika meno mikononi mwa wanaoruka kwenye taa kwa pupa, basi analiingiza kwa adabu.

Paa la nyumba ya dada yangu lilitengenezwa kwa zile zilizobaki. Mahari bado.

Miezi miwili ya kwanza dada yangu hakulipanda. Alisema afadhali matatu. Siku alipolipanda ilikuwa ni kwa msiba, kwenda Kilifi alfajiri, hapakuwa na njia nyingine. Aliporudi sikumwuliza. Akasema mwenyewe, "Kumbe halina kelele."

Kisha likaja jambo ambalo sikulitarajia kuliandika, na mpwa wangu ameniruhusu. Usiku mmoja mwezi wa saba alikuja kwangu karibu saa tano, uso umemtoka damu. Alikuwa anatoka Malindi peke yake, barabara tupu, akafungua mguu. Mita za Subaru za Japani huishia 180, na injini hukatwa hapo. Yeye alifika 150, kabla ya taa za mji mwingine kuonekana, na mbele yake wakasimama punda wawili. Gari lilisimama. Breki zilikuwa za gari lenyewe, tairi nne zilikuwa sawa. Kati ya boneti na yule punda wa mbele, akasema, mtu angeweza kupita ubavu. Alikaa kando ya barabara akisikiliza injini ikinguruma taratibu, akawaza mama yake akiwa chumbani na wanawake.

Hakuliuza gari. Alifanya jambo jingine, ambalo hakushauriwa na mtu. Kila baada ya Isha humpelekea mama yake funguo, naye huzitundika kwenye msumari kando ya saa ya ukutani, na hazitoki hapo hadi asubuhi ila kwa ugonjwa au msiba. Hawajawahi kulizungumza mbele yangu.

Jumamosi iliyopita nilipita kuwajulia hali. Boneti ilikuwa wazi, mpwa wangu yuko kazini, na dada yangu amesimama hapo na buibui lake, miwani puani, ameshika kijiti cha kupimia oili kwenye mwanga. Injini hizi hunywa oili kidogo hata zikiwa nzima, na alikuwa amefundishwa kuitazama kila wiki, gari likiwa baridi na mahali pakiwa tambarare.

"Kaka," akaniita, "hebu tazama. Imeshuka kidogo, au ni macho yangu?"

Ilikuwa imeshuka kidogo.